Mashine Tano za Bi Mwanakombo

Siku ya kwanza Bariki alipoingia katika chumba chetu cha mitambo, alimkuta mama mmoja amepiga magoti akifuta vumbi nyuma ya seva, akamwomba amletee maji ya kunywa. Mama aliinuka, akavaa miwani iliyokuwa ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. Kisha akaenda, akaleta maji. Alimpa glasi kwa mikono miwili, kwa adabu zote za Ujiji, halafu akasema:

"Karibu, baba. Ukimaliza kunywa nitakupa nywila, maana hizi mashine mwenyewe ni mimi."

Bariki akacheka, akidhani anataniwa. Hapo ndipo nilipoanza kumdharau, na wiki zilizofuata sikupata sababu ya kuacha.

Bi Mwanakombo Sefu alikuwa na miaka hamsini na saba. Alizaliwa Ujiji, akasoma hadi darasa la saba, akajifunza kupiga taipu jioni, kisha akakaa miaka mingi katika kibanda cha simu ya upepo mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotua, akipokea sauti za watu walioko ziwani. Alikuwa humo kibandani msimu ambao mdogo wake, Abdulmajid, alitoka kuvua dagaa na hakurudi. Wakati ule mwalo ulikuwa na hesabu ya mitumbwi, haukuwa na majina ya watu. Jioni ilitoka mitumbwi kumi na tisa. Asubuhi, baada ya upepo, ilihesabiwa kumi na tisa mchangani, na kila mtu akaenda nyumbani kulala. Iliwachukua siku mbili kugundua kwamba mmoja kati ya ile kumi na tisa ulikuwa wa kijiji cha jirani, uliokuja kujikinga na mawimbi. Walipoanza kumtafuta Abdulmajid, hapakuwa na cha kutafuta.

Habari hiyo alinisimulia mara moja tu, akiwa anamenya chungwa, na hakunitazama. Lakini tangu wakati ule hakuamini hesabu isiyo na majina. Alinunua daftari la kurasa mia mbili, akaanza kuandika kila mtu anayeingia mtumbwini. Wavuvi walimcheka, wakampachika jina la polisi. Aliendelea kuandika.

Wafadhili walipokuja na mradi wa usalama wa wavuvi, daftari lile likageuzwa kuwa mfumo wa kompyuta, na ofisi ikafunguliwa Katubuka, hapa Kigoma mjini, kwa jina la Umoja wa Mialo. Kazi ya Umoja ni rahisi kueleza. Jioni, karani wa kila mwalo anaandika majina ya wanaotoka, anawapiga picha, anatuma kwa simu. Asubuhi wakirudi, anawafuta. Ikifika saa nne na kuna jina halijafutwa, boti ya doria inatoka kumtafuta mwenye jina. Mengine yote tuliyokuwa nayo pale ofisini, yaani kamati, fulana, mabango na chai ya saa nne, yalikuwa mapambo.

Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta, na nina ugonjwa wa kusoma kila kitu na kutosema chochote. Asubuhi nilitoka nyumbani Gungu na kitabu begani, jioni nikarudi nacho. Katika vikao niliandika muhtasari, kwa sababu anayeandika haulizwi.

Seva yetu ilikuwa chuma kimoja cheusi chenye kimo cha meza, na ndani yake ziliishi kompyuta tano zisizo na mwili, zile zinazoitwa mashine pepe. Ya kwanza ilishika daftari la walioko majini. Ya pili ilikuwa ghala la picha za zamani. Ya tatu iliendesha tovuti ambayo haikusomwa na mtu. Ya nne ilirekodi simu za upepo zilizoingia kupitia mlingoti wa pale nje. Ya tano ilihudumia printa moja ya utepe, ya kizamani, yenye kelele za cherehani mbovu, ambayo Bi Mwanakombo aliipenda kuliko wafanyakazi wenzake wengi.

Chuma kilikuwa kimezeeka. Vipuri havikupatikana, feni moja ilikuwa imekufa, nyingine ilikohoa. Wanaosimulia kisa hiki mjini hupenda kusema kwamba mama mzee alikataa mambo mapya. Huo ni uongo wa kivivu. Bi Mwanakombo mwenyewe ndiye aliyeomba tuhamie kwenye wingu, yaani kukodi nafasi katika mitambo mikubwa iliyo mbali, isiyozimika umeme wa Katubuka unapokatika. Aliandika barua tatu kwa miaka miwili. Mkurugenzi wetu, Gideon, hakuijibu hata moja. Barua ya nne ilitoka kwa wafadhili, ikisema jambo lilelile kwa maneno marefu zaidi, na Gideon akaitisha kikao siku hiyohiyo, akatutangazia kuwa amepata wazo.

Wazo lake ndilo lililomleta Bariki kutoka Dar es Salaam. Alikaa siku tatu hotelini na ofisini, akachomeka kipimo chake kwenye seva, akalalamika juu ya joto, juu ya mtandao, juu ya chakula. Hoteli, alisema, iko kando ya Ziwa Tanganyika na haina dagaa wabichi. Alilirudia hilo mara mbili kama mtu aliyeibiwa. Siku ya nne akatuonyesha slaidi.

Kikao kilikuwa cha watu wanne. Gideon alikaa mbele, amevaa fulana ya uzinduzi ambayo ilikuwa imekwisha kuchapwa kabla ya kujulikana kitakachozinduliwa.

"Njia ni moja," alisema Bariki. "Tunazinakili mashine zote tano kama zilivyo, kupitia mtandao, huku zikiendelea kufanya kazi. Kinachobadilika huku kinafuata kule, chenyewe. Siku ikifika, tunazima hapa, tunawasha kule. Kwisha."

"Zote tano?" aliuliza Bi Mwanakombo.

"Zote. Isipokuwa ile ya printa, hiyo tunafuta. Mama, nani anachapa karatasi siku hizi?"

"Mimi."

Gideon akacheka. Bariki akacheka kumsindikiza Gideon.

Bi Mwanakombo alifungua kijikaratasi alichokikata kwenye mfuko wa saruji. Aliipenda karatasi ile kwa kuwa haichaniki. "Basi nisikilize, mtaalamu. Mashine hizi si mapacha. Picha za zamani ni nyingi na hazibadiliki. Hizo tia kwenye diski, mpe mtu apande nazo ndege, kesho yake zimefika, mtandao wetu umepumua. Tovuti, chukua kama ilivyo, hata ikivunjika hakuna atakayejua. Ya simu za upepo haiendi kokote, kwa sababu mlingoti uko hapa, hauko winguni. Na daftari usilinakili na uchafu wake wa miaka kumi. Jenga mashine mpya kule, safi, kisha hamisha majina tu, na uyahamishe siku ambazo hayasogei."

"Hiyo ni miradi minne," alisema Bariki. "Mimi nimeletwa kwa mmoja."

"Umeletwa kwa kazi."

"Mama, kwa heshima zote, vipimo havidanganyi." Akarudisha slaidi moja nyuma. "Daftari lenu linaandika gigabaiti sita kwa siku. Njia yenu ya mtandao inabeba arobaini. Yaani hii mashine imelala. Ningeweza kuihamisha kwa simu yangu."

"Ulipima lini?"

"Jumatatu, Jumanne, Jumatano."

"Na Jumatatu mwezi ulikuwaje?"

Bariki alimtazama Gideon ili ajue kama hili ni swali. "Mwezi gani? Septemba."

Hata leo nikikumbuka jibu hilo natamani nifunge macho. Mtoto yeyote wa Kigoma anajua kwamba dagaa huvuliwa gizani, kwa taa; samaki huifuata taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina maana. Kwa hiyo siku za mwezi mkubwa mitumbwi inalala mchangani, watu wanashona nyavu, wanaoa, wanazika, wanaenda kusalimia wakwe. Giza likirudi, mji wote unaingia ziwani. Bariki alikuwa ameipima mashine yetu wakati wavuvi wote wako vitandani mwao, na hata sahani yake ya hotelini, isiyo na dagaa, ilikuwa imejaribu kumwambia.

Bi Mwanakombo alimweleza hayo polepole, bila kupandisha sauti, kwa namna ambayo ingetosha kumfundisha mtu anayetaka kufundishwa. Siku za giza, alisema, daftari linaandika gigabaiti hamsini, kwa sababu kila anayetoka ana picha, na kila picha inatengenezewa nakala tatu.

"Hamsini inaingiaje kwenye arobaini?" akamaliza. "Wewe uliyesoma, niambie."

"Data haijui mambo ya mwezi, mama."

"Aisee," alisema Gideon, akifuta machozi ya kicheko. "Bibi yetu huyu! Sasa tupange ratiba kwa mbalamwezi kama tuko kwenye ngoma? Wageni wanakuja Jumamosi ya wiki ya tatu. Jumamosi ndiyo siku. Wikiendi hakuna kazi."

Jumamosi hiyo ilikuwa katikati ya giza.

Mimi nilikuwa na takwimu za miaka minne, siku kwa siku, nilizozichora mwenyewe kwa ajili ya kujifurahisha. Mawimbi yake yalipanda na kushuka na mwezi bila kukosea. Zilikuwa ndani ya kabrasha lililokuwa juu ya magoti yangu. Niliandika katika muhtasari: *Mkurugenzi alisisitiza Jumamosi.* Halafu nikapiga mstari chini ya Jumamosi, kama kwamba mstari ule ungemsaidia mtu.

Tulipotoka, Bi Mwanakombo aliniuliza, "Hilo kabrasha lina nini, Merina mwanangu?"

"Grafu."

"Za nini?"

Nikamwonyesha. Aliziangalia muda mrefu, akizisogeza mbali na karibu na miwani. "Nzuri," akasema. "Zimekaa vizuri pale magotini."

Unakili ulianza. Bariki aliuendesha akiwa Dar es Salaam, akatutumia kila jioni picha ya kioo chake yenye mstari wa kijani. Wiki ya kwanza ulikuwa bado mwezi, na kila kitu kilikwenda kama alivyosema. Asilimia arobaini, sabini, mia moja. Gideon aliisambaza ile mia moja kwenye kundi la ofisi, na kikombe cha ushindi pembeni. "Bi Mwanakombo, unaona?" aliandika. Yeye akajibu kwa alama moja ya kidole gumba. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kutia dharau nyingi hivyo katika kidole gumba.

Halafu giza likaingia. Jumatano jioni ya wiki ya uzinduzi, lilipokolea, wavuvi walitoka kwa mamia. Alhamisi wakatoka zaidi. Njia yetu ya mtandao ilikuwa ikipeleka usiku na mchana, na bado nyuma yake mzigo ulikua. Alhamisi asubuhi kule winguni walikuwa nyuma yetu kwa saa tano. Ijumaa asubuhi, saa kumi. Bariki, aliyekuwa ameshafika Kigoma na kufikia hoteli ileile, sasa alikuwa na dagaa sahanini na hakujiuliza wametoka wapi.

"Ni kuchelewa kidogo tu," alituambia Ijumaa. "Kukibaki kitu, tutakivuta baadaye."

"Kitu gani hicho kitakachobaki?" aliuliza Bi Mwanakombo.

"Data, mama. Data za mwisho mwisho."

"Data za mwisho ni watu walioko majini."

"Wataingia. Usiwe na wasiwasi."

"Ahirisha siku kumi, baba. Mwezi utakuwa mkubwa, ziwa tupu, utahamisha hata na daftari la bibi yako."

"Wageni wako njiani," alisema Gideon, na hilo likawa jibu la mambo yote.

Bi Mwanakombo hakubishana tena. Ijumaa hiyo, jioni, karani wa mwisho alipotuma orodha yake, aliwasha printa ya utepe. Mashine yake pepe ilikuwa ifutwe kesho yake. Ikapiga kelele dakika arobaini, ikatoa karatasi ndefu zilizoungana, jina chini ya jina, mwalo kwa mwalo, watu elfu moja mia moja na arobaini na wawili. Alizikunja, akazitia kwenye mfuko wa nguo, akapanda bodaboda kwenda Ujiji akiwa amezipakata.

Jumamosi saa mbili asubuhi Bariki aliagiza seva izimwe. Kwa sheria ya kazi yake mwenyewe alipaswa kuzima kwanza, kisha kungoja mzigo uliobaki uvuke wote, ndipo awashe kule. Mzigo uliobaki ulihitaji saa kumi na nane. Wageni walikuwa wakitarajiwa baada ya saa moja. Seva ikazimwa hapa, yeye akawasha kule, akafuta jasho, akaenda kuvaa koti.

Uani palikuwa pamefungwa hema na kioo kikubwa cha kuonyeshea. Wageni wanne walikaa kwenye viti vilivyovikwa vitambaa. Gideon alizungumza juu ya safari, mapambazuko na kizazi kipya. Mwishoni akamkabidhi Bariki, naye akabonyeza, na mfumo wetu ukatokea kwenye kioo kutoka winguni, na katikati yake namba kubwa ya kijani:

WALIOKO MAJINI: 0

Watu wakapiga makofi. Mgeni mmoja akasema kwamba inatia moyo kuona kila mvuvi yuko salama nyumbani.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa chumba cha mitambo, na simu ya ofisi ilikuwa inalia mkononi mwangu. Alikuwa Kurwa, karani wa mwalo wa kaskazini, mtu wa kelele, ambaye hata akiwa na hasira huanza na salamu ya Kiha.

"Mwakeye! Hebu niambieni, mmeniroga? Nawafuta watu wangu, mashine inasema hawajatoka! Nimesimama nao hapa, wamelowa, wananuka dagaa, mashine inasema hawakutoka!"

Nikaelewa mara moja. Kule winguni ilikuwa bado Ijumaa saa kumi na moja jioni. Wavuvi wa Alhamisi walikuwa wamerudi wote, wa Ijumaa walikuwa bado hawajaandikwa. Ile namba ya kijani ilikuwa kweli, ila ilikuwa kweli ya jana. Kwa mfumo wetu mpya, watu elfu moja na zaidi hawakuwahi kuingia ziwani, na asiyeingia hatafutwi.

Bi Mwanakombo alikuwa ameketi nyuma yangu, karatasi zimetandazwa sakafuni, kalamu nyekundu mkononi. Hakuonekana kushangaa hata kidogo. "Mwambie Kurwa aache mashine," alisema. "Asome majina."

Tukafanya hivyo kwa kila mwalo. Mimi napiga simu, karani anasoma, mama anakata. Kule nje spika ilikuwa ikiimba. Ilipofika saa nne kasoro dakika kumi, karatasi zilikuwa nyekundu zote isipokuwa mistari sita iliyofuatana. Mtumbwi wa Kasongo, mzee mmoja ambaye ukoo wake ulivuka kutoka Kongo zamani, na vijana wake watano.

"Kasongo?" Kurwa alisema kwenye simu, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidhani ametua kwa jirani. Huwa anatua huko akipata dagaa wengi."

"Ulidhani," alisema Bi Mwanakombo. Alizikunja karatasi, akavaa viatu, akatoka nje.

Boti ya doria ilikuwa haiwezi kutoka bila amri ya Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa ameshika mkasi, karibu na utepe wa buluu. Mama alipita katikati ya viti hadi mbele, hakuinama hata kidogo, na fulana yake ya uzinduzi hakuwa ameivaa.

"Mkurugenzi. Watu sita hawajarudi. Nipe boti."

Gideon alitabasamu kwa wageni kwanza, kisha akazungumza huku ameuma meno. "Bibi, siyo sasa. Huoni? Sifuri."

"Naona sifuri. Nina majina sita."

"Karatasi za jana hizo," alisema Bariki. "Mfumo ndio chanzo rasmi sasa. Tuna chanzo kimoja cha ukweli."

Mama alizishika karatasi kwa ncha ya juu, akaziachia. Zilianguka zikifunguka hadi miguuni kwa mgeni wa kwanza, nyekundu tupu, na ile sehemu nyeupe ndogo katikati. Gideon alitafuta mtu wa kumwokoa, akaniona mlangoni na simu. Bila shaka alinichagua kwa sababu alijua sisemi kitu.

"Merina! Wewe una digrii. Hebu waambie wageni, mashine inasema nini?"

Sauti yangu ilipotoka ilikuwa kubwa kuliko nilivyoikusudia. "Inasema habari za jana saa kumi na moja jioni," nikasema. "Haijui kilichotokea baada ya hapo. Bariki anajua haijui."

Wageni wakamgeukia Bariki. Bariki akageukia kompyuta yake, akaanza kubonyezabonyeza kitu ambacho hakikuwepo. Yule mgeni aliyetiwa moyo na sifuri akauliza, kwa upole, "Boti iko wapi?" na hapo tu Gideon akakumbuka kwamba ana mamlaka ya kuitoa.

Walimpata Kasongo saa saba mchana, mbali upande wa magharibi, injini imekufa, upepo ukimsukuma taratibu kuelekea milima ya Kongo. Vijana wake walikuwa wamepiga kasia hadi viganja vikachunika. Kasongo mwenyewe alikuwa amekaa juu ya dagaa wake walioanza kuharibika, na maneno yake ya kwanza, nilivyosimuliwa na watu wa doria, yalikuwa: "Leo mmekuja na jua la saa saba. Mlikuwa mnakula harusi?"

Bi Mwanakombo alipopigiwa simu kwamba wote sita wako hai, alikata mistari sita kwa wino mwekundu, mmoja mmoja, akisoma kila jina kwa sauti. Halafu akaiwasha seva ya zamani, maana alikuwa ameizima kama alivyoagizwa, hakuwa ameifuta. Feni ikakohoa, ikazunguka. Akakaa na makarani wake wote kwenye simu hadi jioni, na daftari likarudi kuwa na watu.

Bariki aliondoka Jumatatu kwa ndege. Hakuaga chumba cha mitambo. Siku kumi baadaye mwezi ukawa mkubwa, mitumbwi ikalala mchangani, na sisi tukahama. Picha za zamani zilikwenda kwenye diski mbili, zikiwa zimeviringishwa kwenye kanga ndani ya begi langu, nikapanda nazo ndege na kurudi siku ya pili. Tovuti ilinakiliwa kama ilivyo. Simu za upepo zilibaki chini ya mlingoti wao, katika kompyuta ndogo tuliyoinunua. Daftari lilijengwa upya, na majina yakavuka kwa saa mbili na dakika chache, mchana kweupe, huku Bi Mwanakombo akila muhogo na samaki aina ya migebuka na kuuliza kila baada ya muda, "Wamefika?" Tulilinganisha majina huku na kule, yote. Ile mashine ya printa tuliihamishia kwenye kompyuta ndogo pamoja na simu za upepo. Gideon aliuliza ya nini. Mama akaiwekea karatasi mpya.

Ripoti ya Bariki ilitufikia Novemba, kurasa sitini na moja, jalada gumu. Ilieleza jinsi mshauri, baada ya uchambuzi wa kina wa mazingira ya eneo, alivyochagua njia tofauti kwa kila mashine na kupanga zoezi kulingana na mzunguko wa mwezi. Kulikuwa na grafu zangu nne, zile nilizompa Gideon tulipohama, zimepakwa rangi. Katika ukurasa wa shukrani, chini ya dereva, paliandikwa: *mhudumu wa chumba cha mitambo alitoa ushirikiano.* Nilimsomea mama maneno hayo kwa hasira, nikidhani atakasirika pamoja nami.

"Kurasa ngapi?" aliuliza.

"Sitini na moja."

Aliipokea, akaipima uzito mkononi, akainama na kuichomeka chini ya mguu wa meza ya printa, ule mfupi. Akaitikisa meza. Haikucheza.

Asubuhi ile ilikuwa ya mwisho ya giza la kwanza chini ya mfumo mpya. Seva ya zamani ilikuwa bado inanguruma pembeni. Alikuwa amekataa kuizima mpaka aone watu wa giza moja zima wakitoka na kurudi. Saa nne kasoro robo kioo kilionyesha watu watatu. Kisha mmoja. Alikuwa mtoto wa Kasongo, ambaye baba yake alimwacha akifunga injini mpya, na Kurwa alikuwa amesahau kumfuta.

"Kurwa!" mama alipiga kelele kwenye simu. "Huyo kijana umesimama naye?"

"Nimesimama naye, Bi. Anakusalimu."

"Sitaki salamu. Mfute."

Namba ikawa sifuri. Bi Mwanakombo hakuiamini; alichukua karatasi yake ndefu akaikagua kutoka juu hadi chini, mwalo kwa mwalo, kidole juu ya kila jina. Alipofika mwisho alivua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Zima hicho chuma," akaniambia.